Ile ya kwenye grupu haijakamilika

Najua mshaisoma. Yule jamaa yangu Mkenya tunayekaa naye meza moja kairusha jana kabla hata sijafika nyumbani, ile ya "Mtanzania akamata KGB" (wale polisi wa siri wa Sovieti), mpaka mama mdogo kanipigia toka Tanga anauliza nimekamatwa na nani. Sijakamatwa mama, na bora ningekamatwa. Ngoja nisimulie mwenyewe maana kaongeza chumvi pasipotakiwa alafu ile sehemu mbaya kabisa kaiacha.

Mnajua niko huku California kwa ajili ya makaratasi ya Andrei Sinyavsky. Kwa wale wa "kwani huyo nani": ni Mrusi aliyekuwa anaandika hadithi za kuikejeli serikali ya Sovieti, zinatoroshwa kimyakimya, zinachapishwa nje kwa jina la Abram Tertz. Hilo jina lenyewe kaliokota kwenye wimbo wa wahuni wa Odessa, huyo Tertz alikuwa mwizi. KGB wakahangaika miaka kujua ni nani, wamekuja kumdaka Septemba 1965, Februari 1966 akala miaka 7 ya kambi ya kazi ngumu, 1973 akahamia Ufaransa na hakurudi kuishi kwao mpaka anakufa 1997. Sasa kule kambini, Mordovia huko Urusi, alikuwa anaruhusiwa barua mbili kwa mwezi, anamwandikia mkewe, na mlemle kwenye barua za "mke wangu habari" akawa anapachika vipande vya kitabu kuhusu Pushkin (yule mshairi wa Kirusi ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, ndugu yetu yule). Mkaguzi wa kambi anasoma kila barua na hajui kama anapitisha kitabu! Mimi utafiti wangu ndo huyo mkaguzi. Natafuta alama yake, mstari, muhuri, doa la chai, chochote kile. Wiki tatu natoka kapa.

Basi jana kuna mgeni katoka Dar kaniletea ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu haswa. Chumba cha kusomea masharti yake ni begi kabatini, kalamu ya wino marufuku, penseli tu, chakula hata usikiwaze. Nikasimama palepale kwenye makabati nikafakamia nusu pakiti, nikajifuta kwenye suruali nyeusi nikaingia. Kunawa sikunawa, msinianze.

Nikasoma kama kurasa kumi hivi, mwandiko wa Kirusi wa mkono unatoa machozi, alafu nikarudi nyuma kuhakikisha neno moja. Ndo nikaiona. Pembe ya chini kulia, alama ya kidole, nyekundu, mistari yote inaonekana. Nikafunua ukurasa unaofuata, ipo. Unaofuata, ipo, pembe ileile. Moyo unaenda mbio. Nikajiambia huyu mtu alikuwa anafunua kurasa kabisa kama ninavyofunua mimi!! Nikaweka na kidole gumba changu juu yake kupima ukubwa, kikaingia fiti. Wadau, hata hapo sikushtuka. Nikawaza tu aah kumbe mkaguzi alikuwa na mkono mdogo.

Nikasimama. Kwenye chumba ambacho watu wanapumua kwa zamu, nikasema kwa sauti, "Nimempata!" Yule mama mhudumu, mtu mzima, mpole, akaja. Nikamweleza wino mwekundu wa kambi, miaka ya sitini, hakuna aliyewahi kuona hii, natabasamu mpaka jino la mwisho. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaja na lenzi. Mkenya wangu akasogea. Maprofesa wawili wa meza ya dirishani wakasogea. Wote tumeinama juu ya kidole.

Yule mama akainua karatasi taratibu. Akaigeuza nyuma. Nyuma ni nyeupe pee. Akaigeuza tena mbele, akaniangalia, akashusha miwani, akasema polepole kama anaongea na mgonjwa, "Hii ni fotokopi. Barua halisi hatuzitoi."

Kimya.

Mimi badala ya kukaa, nikaropoka eti labda walikuwa na fotokopi ya rangi. Kambini! Mordovia! Na hapo ndo nikasikia Mkenya ananinong'oneza, "Buda, hebu angalia vidole zako."

Nikaangalia. Vyote, mpaka chini ya kucha. Nikanyanyua uso kujitetea, nikakuta yule mama haangalii vidole kabisa, anaangalia mdomo. Nilikuwa nimewachekea watu wazima watano na meno mekundu kama nimemla huyo mkaguzi. (Hii ndo aliyoiacha mwenzenu, sijui huruma au anaitunza kwa ajili ya harusi yangu.)

Yaani KGB wamemsaka Tertz miaka, mimi nimejiachia ushahidi kila ukurasa kwa nusu saa.

Mengine mafupi, nikapewa fomu ya kueleza "aina ya doa", nikaandika mbuyu, sukari, iliki, rangi ya chakula, pilipili kidogo. Hawajanifukuza, nakala watatoa nyingine. Leo asubuhi nimerudi nimejiinamia, nikakuta kwenye meza yangu pakiti ya wet wipes, na mhudumu mwenye lenzi akaniuliza kwa sauti ya chini kama imebaki aonje. Imebaki robo. Nimempelekea kwenye makabati.