Kirusi cha Delta Kisumu: Kusoma Vinasaba Kulimfaa Nani?

Mwanzoni mwa Mei 2021, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba aina ya virusi vya korona iliyotambuliwa kwanza nchini India, ambayo baadaye ilipewa jina la Delta, imepatikana kwa raia wa India waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha mbolea hapa Kisumu. Tarehe 1 Juni sherehe za Madaraka zilifanyika mjini humu. Tarehe 17 mwezi huohuo, kaunti 13 za Magharibi, Nyanza na jirani zake ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko yasiyo ya vyakula wala mifugo yakafungwa kwa siku 30. Zaidi ya wiki tano zilikuwa zimepita tangu onyo la kwanza, na ndiyo maana swali bado linaulizwa huku: ujuzi ule wa maabara, yaani kusoma vinasaba vya kirusi ili kujua ni cha aina gani, ulimfaa nani?

Wanaoutilia shaka wana hoja nzito. Mgonjwa anayehema kwa shida hutibiwa kwa oksijeni na dawa zilezile, awe ana Delta au aina nyingine, kwa hiyo daktari aliye kando ya kitanda habadilishi chochote anapopewa jina la kirusi. Kwa kaunti yenye uhaba wa mitungi na wauguzi, kugharimia mashine na kemikali za kusoma vinasaba kunaweza kuonekana kama kununua saa ya ukutani ilhali paa linavuja.

Hata hivyo, naamini hoja hiyo inamtazama mgonjwa mmoja na kuusahau mji. Kipimo cha kawaida hueleza tu kama mtu ameambukizwa. Ni kwa kuzisoma takribani herufi 30,000 za vinasaba vya kirusi ndipo hubainika kwamba kilichoingia ni kile kinachoenea kwa kasi zaidi. Mwezi Aprili mwaka ule hospitali za India zilikuwa zimeishiwa oksijeni huku dunia nzima ikishuhudia. Hivyo, kwa msimamizi wa hospitali ya Kisumu, jina la kirusi lilikuwa ni hesabu ya mitungi ya kuagiza mapema, na lilikuja wakati shehena za chanjo zilikuwa zimekwama kwa sababu India, iliyokuwa ikizitengeneza, ilikuwa imezuia kuziuza nje. Onyo lilikuwa halisi. Kasoro ilikuwa katika kulifanyia kazi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lawama. Kirusi hiki hubadilika wastani wa herufi mbili kwa mwezi, hivyo watu walioambukizana ndani ya siku chache huweza kuwa na vinasaba visivyotofautiana hata kidogo, na maabara haiwezi kuapa ni nani aliyemwambukiza nani. Isitoshe, kirusi huonekana kwanza pale kilipotafutwa, wala si lazima pale kilipoingilia. Malori yalipita kwenye vituo vya mpakani vya Busia na Malaba kila siku, lakini kidole kilielekezwa kwa kundi moja la vibarua wa kigeni, na baadaye kwa Kisumu yenyewe. Novemba mwaka huohuo, Afrika Kusini na Botswana zilipoiarifu dunia kuhusu aina nyingine mpya ya kirusi, Omicron, malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege. Anayeadhibiwa kwa kusema kweli hujifunza kunyamaza, na hapo ndipo ufuatiliaji wote huharibika.

Kwa hiyo mimi naunga mkono kazi hii, kwa sharti zito la muda. Sehemu kubwa ya usomaji wa vinasaba nchini ilifanyika katika kituo cha utafiti cha Kilifi, pwani, mbali kabisa na ziwa, ilhali KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina maabara zake Kisian, karibu na Kisumu, kwenye barabara ya kwenda Busia. Zipo leo mashine za kusoma vinasaba zinazoenea kiganjani. Sampuli ikisomwa Kisian na jibu likamfikia mkurugenzi wa afya wa kaunti ndani ya siku chache, muuza mitumba wa Kibuye anaweza kuambiwa apange biashara yake upya mapema, kabla hajaamka asubuhi na kukuta soko limefungwa kwa mwezi mzima.