Kopo la Papanek na Fundi wa Kibuye

Victor Papanek husifiwa sana kama mtetezi wa wanyonge. Sifa hiyo anaistahili, lakini kwangu mimi kubwa alilotuachia ni kopo ambalo alikataa kulipaka rangi.

Alizaliwa Vienna mwaka 1923, akakimbilia Marekani Wanazi walipoitwaa Austria. Huko akawa profesa wa usanifu wa bidhaa, akafundisha katika vyuo vya Purdue, CalArts na Kansas, hadi alipofariki mwaka 1998. Kitabu chake cha 1971, Design for the Real World, kinafungua kwa kuwachapa wasanifu wenzake: zipo kazi zenye madhara kuliko yao, lakini ni chache mno.

Sasa hilo kopo. Jeshi la Marekani lilitaka redio ya bei ya chini kabisa ya kuwafikia watu wa vijijini, na Papanek na mwanafunzi wake George Seeger wakaiunda ndani ya kopo tupu la juisi. Nta inawaka kwa utambi, joto linageuka umeme. Gharama yake ilikuwa senti 9 za Marekani. Mtu wa Kisumu hashangai. Keti na fundi wa mabati pale soko la Kibuye umtazame akitengeneza koroboi: kopo la maziwa, kifuniko kimetobolewa katikati, kibomba chembamba kimeungwa kwa risasi, utambi wa kitambaa kuukuu, kishikio ubavuni.

Alipoionyesha redio hiyo katika chuo cha usanifu cha Ulm, Ujerumani, baadhi ya maprofesa walitoka nje, wakisema ni mbaya mno machoni. Papanek akashikilia kwamba hana haki ya kuwachagulia urembo, hata rangi ya kopo, watu wa Indonesia, ambao ndio wangeitumia. Nao wakaipamba wenyewe kwa vitambaa, vioo na kombe za baharini.

Gui Bonsiepe, aliyesoma na kufundisha Ulm, alimkosoa vikali kwamba anawafikiria watu wa nchi maskini kwa macho ya mkoloni. Hapo nipo upande wa Bonsiepe. Jeshi ndilo lililotaka kusikika vijijini. Mwanakijiji aliachiwa mapambo tu.

Ndiyo maana huniuma mradi wa majiko unapoletwa huku kwetu na mchoro uliokwisha kamilika, fundi akaitwa kukata bati tu. Fundi huyo anajua sufuria za wateja wake, na anajua jiko jepesi hupinduka ugali ukisongwa. Aitwe kabla mchoro haujaanza, na siku hizo za kuwaza pamoja alipwe sawa na mchoraji.