Niandike Nani, Dada?

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Ina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na benchi la mbao ambalo watu hukaa wakisubiri zamu. Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 na maombi yakawa yanafanyika mtandaoni, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu. Wengi ni vijana wanaokwenda kutafuta maisha Muscat, Dubai au Doha.

Katika fomu za mawakala wa kazi kuna sehemu inayojazwa haraka kuliko zote: jina la ndugu wa karibu, uhusiano, namba ya simu. Mtu hata hafikirii. Anamtaja mama au kaka, na namba anaitoa kichwani. Siku moja binti mmoja alipofika hapo akanyamaza. Alikuwa amekaa pembeni yangu, bahasha ya kaki mapajani, na ndani ya bahasha mna vyeti viwili vya kifo, cha mamake na cha babake. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Niandike nani, dada?"

Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Ameniambia niandike, ila jina lake nisilitaje.

Mamake alifariki yeye akiwa darasa la nne, na babake miaka miwili baadaye. Akalelewa na bibi yake Pongwe, mpaka bibi naye akatangulia mbele ya haki, binti akiwa na miaka 17. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Kwa hiyo alibaki mtoto kwa miezi michache tu baada ya kumzika bibi, kisha akawa mtu mzima, na hakuna aliyekuja tena kuuliza amelala wapi. Alikaanga mihogo na kachori jioni kule Makorora, akapanga chumba, akaanza kuweka akiba. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa jumla: 20,000 za fomu na 130,000 zinazobaki. Alizileta kwangu zimefungwa kwenye kitambaa, noti za elfu mbili na za elfu moja, nyingine bado zinanuka mafuta ya kukaangia.

Fedha hazikuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa majina. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa baba aliandikwa Athumani, na kwenye cheti cha kifo akaandikwa Othman. Watu wa pwani tunajua kuwa ni jina lilelile, lakini kwenye karatasi ni watu wawili. Tena ombi la pasipoti linataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na asiye nacho alete kiapo. Wazee wetu wangapi walizaliwa nyumbani bila cheti chochote? Mwenye mzazi hai anakwenda naye kuapa, jambo linakwisha asubuhi moja. Yatima anatafuta ndugu wa marehemu wa kumwapia. Huyu alikuwa na baba mdogo mmoja, na baba mdogo huyo alitaka elfu hamsini ndipo aende kuapa kwamba marehemu alikuwa kaka yake.

Binti akalipa. Nilikuwepo zilipohesabiwa, na ukweli ni kwamba mpaka leo jambo hilo linaniuma kama la jana.

Wakati wote huo kila aliyesikia habari zake pale dukani alimsifu. "Huyu mtoto anajitegemea, mashaallah." Mimi pia nilisema hivyo, siku za mwanzo. Siku hizi neno hilo likitajwa kwa yatima nasita, kwa sababu nimeliona linavyofanya kazi. Tukishasema kijana anajitegemea, tumejivua jukumu. Kujitegemea ni jambo zuri kwa mtu mwenye pa kuegemea akichoka. Binti huyu hakuchagua kujitegemea. Mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wakimshika mkono waliondoka, akabaki anatembea peke yake. Kuna na ile methali ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunawatupia watoto hawa kila wanapokosea, mbele ya watu, tukijua fika mama yuko wapi. Ningependa tuiache.

Dalali mmoja, simtaji, aliwahi kukaa kwenye benchi langu akaniambia kwamba mabinti wasio na wazazi ni "wepesi". Nikamuuliza wepesi vipi. Akasema hawana wa kuwasumbua, hakuna mama wa kupiga simu kila wiki kuuliza mwanangu yuko wapi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikaelewa kuwa lile swali la ndugu wa karibu linasomwa na watu wawili. Mmoja analisoma ili ajue ampigie nani kukiwa na shida. Mwingine analisoma ili ajue kama yupo atakayeuliza.

Na wa kuuliza anahitajika. Katika nchi kadhaa za Ghuba kuna mfumo wa kafala, ambao kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri aliyemleta. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Humo mna habari za pasipoti kushikiliwa na waajiri, mishahara kucheleweshwa au kupunguzwa, na saa za kazi zisizo na mwisho. Sisemi kila nyumba iko hivyo. Nimewaona waliorudi na afya yao na fedha zao, wakajenga. Lakini aliye na mtu nyumbani anayejua jina la mwajiri na mtaa anaoishi, huyo ana kamba ya kushika. Asiye na mtu anaomba Mungu tu kwamba nyumba aliyopangiwa ni nzuri.

Basi siku ile nilimwambia: niandike mimi.

Sikusema hapohapo. Kwanza niliingiwa na hofu. Nilijiuliza, akikopa watanidai? Akifariki huko, nitaambiwa nilipie kusafirisha maiti? Nina watoto wangu na duka la mkopo. Nilinyanyuka nikaenda kutia karatasi kwenye mashine ambayo tayari ilikuwa na karatasi. Niliporudi alikuwa bado ameweka kidole palepale kwenye fomu yake, hajakisogeza. Nikaandika jina langu na namba yangu. Kwenye uhusiano nikamuuliza tuweke nini. Akasema, "Weka mama mdogo, kama hutojali."

Aliondoka kwenda Muscat, Oman, alfajiri kutoka stendi ya Kange, basi la kwanza la Dar es Salaam, njia ya Segera na Chalinze. Kando yetu kulikuwa na binti mwingine wa safari hiyohiyo, kazungukwa na watu kumi, shangazi analia, mtoto mdogo amepakatwa, mzee anasoma dua. Sisi tulikuwa wawili. Nilimpa kopo la achari ya ndimu na kanga yangu moja. Basi lilipotoka alikuwa anatazama upande wetu, na nikafurahi kwamba pale anapotazama pana mtu.

Mapatano yetu yalikuwa machache. Kila Ijumaa anapiga, au anatuma hata neno moja. Ikifika Jumapili kimya, mimi naanza: nampigia wakala, halafu mwajiri, halafu ubalozi wetu Muscat. Kivuli cha pasipoti yake, mkataba wake na jina kamili la mwajiri vilikuwa kwenye droo yangu, chini ya mashine ya laminesheni. Wiki za mwanzo alikuwa akipiga usiku, saa nne kwetu, saa tano kwao, akinong'ona toka bafuni huku maji yanatiririka ili asisikike. Alikuwa hana shida ya kupigwa wala njaa. Alikuwa mpweke tu. Ananiuliza mvua imenyesha, umeme umekatika, yule paka wa dukani amezaa. Nilikuwa najibu kila kitu, mpaka rangi za paka.

Mwezi wa saba Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi usiku simu ikaita, namba ngeni. Mama mmoja akaongea Kiswahili kizuri cha Unguja, maana Omani wapo wengi waliozaliwa au kulelewa Zanzibar, na huyu alikuwa mama mkwe wa mwajiri. Akaniambia binti yuko hospitali, kidole tumbo, wanampasua usiku huu. Kisha akauliza, "Wewe ndiye mamake?"

Nikasema ndiye.

Mama yule akanyamaza kidogo, akasema, "Basi usihofu, nitakaa naye mimi mpaka uamkie asubuhi." Akakaa kweli. Saa kumi na mbili alfajiri akanipigia, akamwekea binti simu sikioni. Ninaamini, na hakuna atakayenibadilisha hapa, kwamba pale jina la ndugu lingekuwa tupu, mama yule asingekuwa na wa kumpigia, na pengine asingeona haja ya kukesha. Watu humtunza mtu zaidi wanapojua kwamba yupo anayemngoja.

Alipoanza kutuma fedha za akiba kwangu, habari zikafika Pongwe. Baba mdogo akaja dukani. Alikuja kwa heshima, akasalimia, akasema damu nzito kuliko maji, mtoto wa kaka yake yuko Uarabuni na yeye paa linavuja, anaomba mabati ishirini. Nikamwambia fedha si zangu, ampigie mwenyewe. Binti aliniuliza afanye nini, nikamwambia ninachoamini: humdai na hakudai. Akitaka kumpa, ampe kama sadaka, asimpe kama deni. Najua wapo watakaosoma hapa wakaniona navunja undugu. Undugu ulivunjika siku ile ya elfu hamsini, na kabla ya hapo ulivunjika minazi ya marehemu ilipouzwa na mtoto hakuona hata thumni. Sisi tunaosoma Surat an-Nisaa tunajua aya ya kumi imesema nini juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Hatuwezi kuisoma msikitini tu, nje tukazungumzia damu.

Mwishowe alimtumia mabati kumi. Huo ni uamuzi wake, na moyo wake ni mpana kuliko wangu.

Mkataba wa miaka miwili ulipokwisha alirudi. Kurudi ndiko tunakokusahau kabisa. Wenzake wanarudi kwao. Yeye arudi wapi? Chumba alichopanga kilishachukuliwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimemwekea godoro chumba cha wanangu, na tranka lake la bati lilikuwa palepale alipoliacha, kufuli halijaguswa. Siku mbili za kwanza alilala tu. Ya tatu akalifungua tranka, akatoa kanga za bibi yake, akazianika uani moja moja, akakaa kwenye kibaraza anazitazama mpaka magharibi.

Akaondoka tena baada ya miezi minne, safari hii kwa viza ya saluni, mkataba ameusoma mwenyewe mstari kwa mstari nami nikiwa pembeni. Sasa anaishi Ruwi, hukohuko Muscat, na mabinti wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Uganda. Anapaka hina, anasuka, Kiarabu kinamtoka bila kusita. Ananiambia siku za mapumziko huenda soko la samaki Muttrah kutafuta nguru, na kwamba ukifumba macho pale, harufu ni ya Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, asubuhi. Anasema Muscat ni kwake sasa. Mara ya kwanza kusikia hivyo nilipata wivu kidogo, kisha nikashukuru, kwa sababu mtu aliyepoteza nyumba tatu kabla ya miaka 18 amethubutu tena kuita mahali kwake.

Mji wetu husemwa ni wa waja leo, waondoka leo. Wataondoka, na sioni sababu ya kuwazuia. Ninachoomba ni kwamba yatima anapoondoka awe na jina la kuandika, na mwenye jina hilo ajue ameandikwa. Si lazima uwe na fedha. Mimi sikumpa hata nauli. Weka kivuli cha pasipoti yake mahali ambapo maji hayafiki. Chagueni siku ya simu. Ihifadhi namba ya ubalozi kabla hujaihitaji. Mwekee mahali pa kulaza mizigo akirudi. Mjumbe wa mtaa, mwalimu wake wa zamani, imamu, jirani aliyewajua wazazi wake, yeyote kati yao anaweza.

Baada ya huyu wamekuja wengine, habari zinapita. Mpaka sasa nimeandikwa kwenye fomu nne, na Ijumaa zangu zimejaa. Juzi amekuja kijana wa miaka 19 kutoka Mabawa, anakwenda Dubai kazi ya ulinzi, bahasha yake ni ya nailoni. Alipofika kwenye jina la ndugu alinyamaza vilevile. Sikuandika jina langu, kwa sababu nikiwa na watano najua kuna mmoja nitamsahau, na anayesahauliwa ndiye atakayekuwa na shida wiki hiyo. Babake alikuwa fundi baiskeli, wengi wenu Mabawa mtakuwa mmemjua. Fomu ipo kwenye droo yangu, imejazwa yote isipokuwa hapo. Wakala anaitaka Alhamisi. Duka nafungua saa mbili asubuhi.