FT8: Anayesikia Ni Mtu au Kompyuta?

Mjadala wa FT8, mfumo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta kwenye redio ya ridhaa, ukianza tu, utaisikia lawama ileile: hiyo si redio, ni kompyuta mbili zinazoongea huku wenye leseni wakitazama. Wanaoisema si wajinga. Wengi wao walijifunza Morse, ile lugha ya nukta na vistari, kwa jasho, na tangu Joe Taylor na Steve Franke walipoitoa FT8 ndani ya programu ya WSJT-X mwaka 2017, wameona megahetsi 14.074, masafa yake maarufu, ikijaa usiku na mchana huku sehemu za sauti na za Morse zikipwaya. Ila wengi wanaoirudia lawama hiyo hawajakaa wakapiga hesabu ya kazi inayofanywa na kompyuta.

Namba inayowatisha ni desibeli 21 chini ya kelele. Hapo ndipo FT8 bado inasomeka: ishara yenye nguvu ya takribani sehemu moja ya 126 ya kelele inayoizunguka. Ukiisikia hivyo utadhani ni uchawi. Lakini kelele hiyo imepimwa kwenye upana wa hetsi 2,500, upana wa sauti ya mtu, wakati ishara yenyewe inakaa kwenye hetsi 50 tu. Gawanya 2,500 kwa 50, utapata 50. Kwa hiyo, ndani ya kijidirisha chake, ishara haijazidiwa mara 126. Imezidiwa mara mbili na nusu hivi. Pengo lililobaki linazibwa na hesabu: ujumbe wa biti 77 unatandazwa katika biti 174, ili zikipotea baadhi, nyingine zizitolee ushahidi.

Sasa mgeukie mzee wa Morse. Sikio lake nalo huchagua toni moja nyembamba na kuitupa kelele nyingine yote. Kwa kipimo kilekile, sikio zuri hukadiriwa kufika desibeli 15 hivi chini ya kelele. Tofauti ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Anayetumia wati 100 kwa Morse angefika palepale kwa wati 25 za FT8. Ni faida nzuri, sikatai, lakini haitoshi kuiita moja redio na nyingine udanganyifu. Pengo kubwa kweli liko kati ya Morse na sauti, na sijawahi kumsikia mtu wa Morse akituhumiwa kwamba anawaonea wa maikrofoni.

Wakosoaji wangeacha hilo wakashika jambo moja ambalo hawalitaji mara kwa mara. WSJT-X inaweza kusoma ishara kwa kutanguliza dhana. Ikiwa tayari umo katikati ya mawasiliano, inajua alama yako ya wito (utambulisho wa kituo chako) na ya mwenzako, inajua pia ujumbe gani unatarajiwa kufuata, kisha inapima kama kilichopokewa kinaafikiana na matarajio hayo. Je, imesikia au imekisia? Swali hili lilinisumbua muda mrefu. Kilichonituliza ni kukumbuka kwamba na mimi, nikisikia nusu ya alama yangu katikati ya mvumo, huikamilisha kichwani kabla sijajua kwamba nimekisia. Tofauti ni kwamba programu huweka alama pembeni ya mstari kuonyesha kwamba imetumia dhana. Kichwa changu hakiweki.

Kuhusu mazungumzo, hapo wana haki yao. Alama mbili za wito, mraba wa mahali, ripoti ya ishara, kwaheri. Dakika moja na nusu, kila zamu sekunde 15, na hujui hata jina la mwenzako. Lakini mashindano ya sauti nayo ni ripoti ya “tano tisa, asante” kwa saa 48, na hakuna anayeyaita kifo cha redio. Halafu kuna mtu mwenye waya mfupi dirishani na majirani wasiotaka kuona antena. Mwaka 2019, jua likiwa karibu halina madoa, hali inayodhoofisha mawimbi ya mbali, na masafa ya juu yamenyamaza, FT8 ndiyo iliyomwonyesha kwamba anga halijafungwa kabisa.

Kinachonikera mimi ni roboti. WSJT-X yenyewe imetengenezwa ili mtu aanzishe kila mawasiliano, na ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, kinataka mawasiliano ya DXCC, tuzo ya kuwasiliana na nchi nyingi, yaanzishwe na mwendeshaji mwenyewe kila upande. Lakini msimbo wa programu uko wazi, na mtu akitaka kuondoa kizuizi hicho, anaondoa. Kisha kompyuta inavuna nchi usiku kucha na mwenyewe amelala. Aliye upande wa pili hana namna ya kujua, maana ujumbe wa mtu na wa roboti ni biti 77 zilezile.

Namna moja ndogo ipo, nami huijaribu nikishuku. FT8 inaruhusu maandishi huru ya herufi 13, pamoja na nafasi. Mwenzangu akishanipa ripoti, namtumia HABARI GANI? na bado inabaki nafasi ya herufi moja. Wengine hujibu baada ya zamu mbili tatu, wakihangaika kutafuta kisanduku cha kuandikia. Wengine hunitumia ripoti ileile, mara nne mfululizo.