Tokyo Haiendeshwi na Nidhamu

Mtanzania akirudi kutoka Japani, awe alikwenda kusoma, kwenye mafunzo ya miezi mitatu au kufuata magari mnadani, simulizi huwa ileile. Treni zinafika kwa wakati. Watu wanapanga mstari mlangoni, wanaoshuka wanapishwa kwanza, na ndani ya behewa hakuna anayeongea na simu. Kisha msimulizi anatikisa kichwa: wenzetu wana nidhamu, bwana.

Nimeishi Tokyo vya kutosha kuchoshwa na hitimisho hilo. Mstari upo, ukimya upo, sikatai. Ila toka nje ya miji mikubwa, nenda mikoani, utamkuta Mjapani yuleyule mwenye nidhamu zake anakwenda dukani kwa gari, kazini kwa gari, hata mtoto anamfuata stesheni kwa gari. Huko gari linamlipa. Tokyo halimlipi, na hilo limepangwa.

Anzia mahali gari linapolala. Sheria ya mwaka 1962 inataka anayesajili gari athibitishe kwanza kwamba ana pa kuliegesha, tena pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Hati hiyo hutolewa na polisi. Kuliacha barabarani usiku kucha ni kosa. Kwa hiyo mkazi wa Tokyo asiye na uwanja hukodi nafasi kwa mwezi, na mitaa ya katikati kodi yake inakukalisha chini ufikiri upya. Ongeza ukaguzi wa lazima, miaka 3 baada ya kununua gari jipya na kila baada ya miaka 2 kuanzia hapo. Ongeza bima, kodi, malipo ya barabara za mwendo kasi. Ukaguzi ukikaribia, wengi wanaona heri wauze. Ndipo mnada, ndipo meli, ndipo bandari ya Dar es Salaam na ya Mombasa. Sisi tunashangilia kupata gari lenye injini nzima kwa bei ile, na hatuulizi mwenyewe aliliachia nini mapema vile. Yumo kwenye treni.

Jambo jingine mgeni halioni kabisa: wengi wanaobanana asubuhi hawajilipii nauli. Waajiri wengi hutoa posho ya usafiri, na serikali haiitozi kodi posho hiyo mpaka yeni 150,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anakata pasi ya mwezi 1, 3 au 6 kati ya stesheni ya nyumbani na ya kazini, na kwa pasi hiyo anashuka kituo chochote cha katikati, hata Jumapili, bila kuongeza kitu. Mwajiri wangu wa kwanza, Dar, alikuwa akinipa pole.

Halafu kuna ardhi. Reli ya taifa ilibinafsishwa mwaka 1987, lakini pembeni yake kulikuwa na kampuni binafsi za miaka mingi: Tokyu, Odakyu, Keio, Seibu, Tobu, Keisei. Hizi haziishi kwa kuuza tiketi peke yake. Biashara yenyewe inajulikana zaidi kwa mfano wa Osaka, ambako Kobayashi Ichizo, mwanzilishi wa reli iliyokuja kuitwa Hankyu, alifungua njia yake mwaka 1910 kupitia mashambani, akauza nyumba kando ya reli kwa malipo ya kidogokidogo, na mwaka 1929 akafungua duka kubwa Umeda, treni zinapoishia. Tokyu nao wakafanya yaleyale Shibuya na kwenye vitongoji vya Tama. Treni inakupeleka kwenye nyumba waliyokuuzia, na Jumamosi inakurudisha dukani kwao. Kampuni ya namna hii huihubirii umuhimu wa abiria. Abiria akihamia kwenye gari, viwanja vyao vinashuka bei.

Ndiyo maana huwa nasita kila ninaposikia tunahitaji "teknolojia ya Kijapani". Njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi mjini hapa, kutoka Ueno hadi Asakusa, ilifunguliwa mwaka 1927. Kompyuta ilikuwa haijazaliwa.

Kinachonivutia mimi kuliko kasi na usafi ni namna ya kuunganisha. Kwetu kuunganisha gari ni adhabu: unashuka, unavuka barabara, unagombania upya, unalipa upya. Hapa kuna treni zinazobadilisha kampuni abiria akiwa amekaa palepale. Unaweza kupanda Motomachi-Chukagai kule Yokohama, ukapita chini ya Shibuya na Ikebukuro, ukatokea Saitama, mkoa jirani wa kaskazini, umepita kwenye reli za kampuni nne bila kuinuka kitini. Wanaopokezana ni madereva. Ukilijua hilo, ule wazimu wa sekunde unaeleweka, maana treni iliyochelewa Yokohama inavuruga ratiba ya watu wa Saitama. Mwaka 2017 reli ya Tsukuba Express waliomba radhi kwa treni iliyoondoka sekunde 20 kabla ya muda wake, na dunia nzima ikacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Lakini Tokyo hiyohiyo ina ujinga wake. Njia za chini ya ardhi ni za kampuni mbili: Tokyo Metro wana 9, Toei ya serikali ya jiji wana 4. Ukitoka kwa huyu kuingia kwa yule, nauli inaanza upya. Wanakupunguzia yeni 70 kama kifuta jasho. Pale Kudanshita majukwaa ya kampuni hizi mbili yalikuwa bega kwa bega, yametenganishwa na ukuta. Abiria alipanda ngazi, akatoka geti moja, akaingia geti jingine, akashuka ngazi, kufika upande wa pili wa ukuta uleule. Ilibidi mwanasiasa, Naoki Inose, alivalie njuga akiwa naibu gavana. Ukuta ulibomolewa Machi 2013, mwezi uleule ambao treni za Yokohama zilianza kupitiliza mpaka Saitama. Kwa maoni yangu kampuni hizi zingeunganishwa zamani. Tangu hisa za Tokyo Metro ziingie sokoni Oktoba 2024, sitegemei tena.

Kwa anayekuja mara ya kwanza, usihangaike kukariri majina. Tangu 2004 kila kituo cha chini ya ardhi kina herufi ya njia na namba: Shibuya kwenye njia ya Ginza ni G01, Asakusa ni G19. Namba zikipanda na wewe unakwenda zinakoshuka, umepanda kinyume. Kadi ya nauli ya Suica, iliyoanza 2001, inagonga mageti ya karibu kampuni zote, na inafanya kazi hata Osaka na Fukuoka. Ukikata tiketi ya karatasi na ramani ya nauli ikakushinda, nunua ya bei ya chini kabisa, kisha lipa tofauti kwenye mashine iliyo kabla ya geti la kutokea, hakuna atakayekukaripia. Shinjuku ina milango zaidi ya 200 na kampuni tano chini ya paa moja, na kabla ya korona ilipitisha watu zaidi ya milioni 3 kwa siku. Jua namba ya mlango wako kabla hujashuka. Kama hapo unabadilisha treni tu, tafuta kituo kingine cha kubadilishia.

Na asubuhi usitoke kati ya saa moja na nusu na saa tatu kama huna ulazima. Wizara ya uchukuzi ina vipimo rasmi vya kubanana: kwa miaka mingi asilimia 180 ilimaanisha unaweza kusoma gazeti ukilikunja, 200 miili inagandamizana lakini jarida dogo litasomeka kwa taabu, 250 hata mkono hausogei. Kabla ya korona njia ya Tozai ilifika asilimia 199. Aliyeandika vipimo hivyo lazima alikuwa mpenda kusoma. Ndani ya msongamano huo wanawake wameshikwashikwa kwa miaka mingi kiasi kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia nyingi zimewatengea mabehewa yao, yenye alama za waridi. Wasimulizi wa nidhamu huwa wanapita hapo haraka sana. Ukimya wa behewa ambao tunausifu ndio huohuo uliomfanya binti ashindwe kupiga kelele.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni usiku. Treni za mwisho zinaondoka kati ya saa sita na saa saba, na zinarudi karibu saa kumi na moja alfajiri. Ukikosa, ni teksi ya bei ya kuumiza au kusubiri kwenye chumba cha karaoke. Mlevi wa Ijumaa anaweza kusubiri. Lakini kuna mpishi, mwosha vyombo, msafishaji wa ofisi anayemaliza zamu saa nane usiku. Reli inahitaji matengenezo usiku, hilo naelewa. Basi je? Desemba 2013 jiji lilijaribu basi la usiku kati ya Shibuya na Roppongi, njia moja, tena usiku wa Ijumaa tu. Oktoba 2014 likafutwa kwa kukosa abiria. Basi moja kati ya mitaa miwili ya starehe, kisha ikaonekana watu hawalihitaji. Mwosha vyombo anayelala Adachi, pembezoni mwa jiji, hakuulizwa.