Saladi ya Kigiriki: majani yana kosa gani?

Ukiagiza saladi ya Kigiriki nje ya Ugiriki, mara nyingi huletewa lundo la majani ya saladi, na juu yake nyanya, zeituni chache na jibini iliyovunjwavunjwa. Mgiriki akiiona huikana. Ya kwao, horiatiki, haina jani hata moja: nyanya, tango, kitunguu maji, pilipili hoho ya kijani na zeituni, kisha kipande kizima cha feta, jibini nyeupe ya maziwa ya kondoo, kinalazwa juu, kinanyunyiziwa kiungo cha oregano kavu na kumwagiwa mafuta ya zeituni bila ubahili. Katika ubishi huu niko upande wa Mgiriki, lakini hoja inayotumika sana kumtetea haina nguvu.

Hoja hiyo ni ya ukale: eti ndivyo Wagiriki walivyokula tangu enzi na enzi. Haiwezekani. Nyanya na pilipili hoho asili yake ni Amerika, na nyanya ilienea Ugiriki katika karne ya 19. Zeituni na jibini ya kondoo ni vya kale kweli. Sahani yenyewe ni changa, na sifa zake zilivuma duniani pamoja na utalii wa nusu ya pili ya karne ya 20.

Upande wa pili nao una watu wa kuheshimiwa. Wapiga mbizi wa kuvua sifongo baharini, kutoka visiwa vya Ugiriki, walihamia Tarpon Springs, Florida, mwanzoni mwa karne ya 20, na saladi ya Kigiriki ya huko hufichwa saladi ya viazi chini ya majani. Detroit, pia huko Marekani, huongezwa bitiruti. Hawa hawakuiba chakula cha mtu. Walipika kwa kilichopatikana sokoni, wakalisha watoto na wajukuu, na sioni kwa haki gani mtu awaambie kuwa Ugiriki umewatoka.

Kwenye jibini, hata hivyo, silegezi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulilitambua jina feta kuwa la Ugiriki. Ujerumani na Denmark zikapinga mahakamani, zikashindwa mwaka 2005. Ni lazima feta iwe ya maziwa ya kondoo, ya mbuzi yasizidi asilimia 30, na ikomae kwa muda usiopungua miezi miwili. Denmark iliendelea kuacha jibini yake iuzwe nje ya Umoja kwa jina hilo, hadi mwaka 2022 mahakama ikasema imevunja sheria. Wapo wanaouona huu kuwa uchoyo wa kibiashara, na ni kweli biashara imo. Lakini kondoo hutoa maziwa machache kuliko ng'ombe, na mfugaji wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, akinyang'anywa jina hawezi kushindana kwa bei na kiwanda cha maziwa ya ng'ombe. Jibini nyeupe ya ng'ombe iitwe jibini nyeupe. Wala haitakosa wanunuzi.

Turudi kwenye majani. Sababu yangu ya kuyakataa iko chini ya bakuli. Nyanya iliyoiva juani, ikikatwa mapande manene (si vipande vyembamba kama vya kachumbari) na kutiwa chumvi, hutoa maji yake. Maji hayo huchanganyika na mafuta, oregano na chumvi ya feta, ukapatikana mchuzi ambamo Wagiriki huchovya mkate mpaka bakuli likauke. Huo ndio utamu wenyewe. Ukitia majani, hulegea kwa chumvi, yakatoa maji yasiyo na ladha, na mchuzi ukapooza. Habari za kutia siki au kutotia sizigombanii. Wagiriki wenyewe hawajakubaliana.

Tena majani si mageni Ugiriki. Wakati wa baridi na mwanzoni mwa masika, nyanya zikiwa hazina maana, hula maroulosalata: majani ya saladi yaliyokatwa membamba, vitunguu vya majani, shibiti (majani ya kiungo), mafuta ya zeituni na limau au siki. Anayechanganya majani na nyanya anatia misimu miwili katika bakuli moja, na kila mmoja unaudhoofisha mwenzake. Kwa hiyo mpishi mwenye nyanya ngumu, zilizopauka, na majani mabichi mazuri, namshauri aziache nyanya kabisa. Atengeneze maroulosalata na aiandike kwenye menyu yake kuwa saladi ya Kigiriki, kwa sababu ndiyo.