Mahafali ya Chuo Kikuu: Kwenda au Kubaki Nyumbani

Vyuo vikuu vingi vya Tanzania hufanya mahafali katika miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wanafunzi waliomaliza mitihani katikati ya mwaka wameshatawanyika mikoani. Mhitimu anayetakiwa kurudi Mlimani, Dodoma au Morogoro kuvaa joho mara nyingi ameshahama hosteli, fedha za Bodi ya Mikopo zimekoma na kazi bado hajapata. Ndipo swali linapozuka katika magrupu ya WhatsApp ya kila darasa: kuna haja gani ya kwenda?

Kwa upande wa taratibu jibu ni fupi. Shahada hutokana na matokeo yaliyoidhinishwa na Seneti ya chuo, wala haitegemei nani alionekana ukumbini. Asiyehudhuria hutunukiwa pamoja na wenzake, na cheti chake hakitofautiani na cha aliyekuwepo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta viliendesha mahafali kwa njia ya mtandao, na shahada zilizotolewa siku hizo zina uzito uleule. Kinachomgusa mhitimu ni tarehe ya kutunukiwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huonya kwamba hati za matokeo ya muda hazitakubaliwa, kwa hiyo anayetafuta kazi serikalini hana budi kungoja mahafali yafanyike, awepo asiwepo.

Wanaoona safari hiyo ni hasara wana hesabu zao. Ipo nauli ya kutoka Kigoma au Bukoba, yapo malazi, ipo kodi ya joho pamoja na nguo na viatu vya siku hiyo, na wazazi wakiongozana na mwana wao gharama huongezeka maradufu. Baada ya yote hayo, tukio lenyewe kwa mhitimu wa shahada ya kwanza ni fupi ajabu: shahada inatajwa, kundi zima linasimama, Mkuu wa Chuo anatamka maneno ya kutunuku, kofia zinavaliwa, watu wanakaa. Wanaoitwa kwa majina mmoja mmoja ni wahitimu wa uzamivu. Mzazi aliyesafiri usiku kucha huenda yuko nje chini ya turubai, anatazama skrini bila kujua mwanawe yuko safu ipi. Tena joho lenyewe limeshuka hadhi, maana siku hizi hata watoto wa chekechea huvalishwa (na wao, tuseme ukweli, hupendeza zaidi).

Hata hivyo, hesabu hizo zinamtazama mhitimu peke yake, na hapo ndipo zinapopungua. Shahada nyingi nchini zimelipiwa na watu wengi: mama aliyeuza ndizi, mjomba aliyetoa ada ya kidato cha tano, kaka aliyeahirisha kuoa. Wengi wao hawajawahi kuingia chuoni, na transkripti yenye alama za semista sita haiwaambii kitu. Siku ya mahafali ndiyo pekee ambayo lango la chuo linafunguliwa kwa ajili yao. Anayetaka kuona thamani yake asimame nje ya ukumbi baada ya maandamano ya kitaaluma, pale wapiga picha wanaposafisha picha papo hapo: mara nyingi joho huvuliwa na kuvalishwa bibi juu ya kitenge chake, shada la maua ya plastiki likahama shingo, na picha hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni. Sioni namna ya kuwaeleza watu hao kwamba cheti kitafuatwa baadaye dirishani. Hoja ya kuagana na wenzako ni dhaifu zaidi, kwa kuwa grupu la darasa lipo na kelele zake hazijapungua.

Kwa maoni yangu, uamuzi huu usifanywe na mhitimu kabla hajawauliza waliomsomesha. Wakitaka kwenda, na nauli ipo, aende. Lakini ikiwa safari itawaingiza kwenye deni, wajibu wake ni kuwazuia, hata kama watanuna. Pia atenganishe mahafali na sherehe ya ukumbini usiku. Lawama nyingi zinazotupiwa joho ni za kamati, kadi za michango, MC na keki, mambo ambayo chuo hakikuyaagiza.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Vipo, Kenya na Tanzania, vinavyotoza ada ya mahafali hata kwa asiyekusudia kuhudhuria, kwa hoja kwamba kuandaa vyeti na kitabu cha wahitimu kuna gharama. Hoja hiyo ni sahihi kwa cheti na kitabu. Kwa turubai na viti haisimami, na ada hizo mbili zingetenganishwa, mhitimu angechagua kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimewahi kuyapeleka mahafali yake katika mikoa mbalimbali, na vyuo vingine vyenye kampasi mikoani vingeweza kufanya vivyo hivyo, ili msafara wa Mkuu wa Chuo usafiri badala ya familia mia kadhaa.